Vituo Viwili Vilivyobaki

Chibalonza alikuwa na tabia moja iliyonichosha kabisa: hakuweza kumwacha mtu aondoke peke yake. Miaka mitatu nilimpa lifti kutoka kazini mpaka kwake Doonside, hapa Sydney, na kila nilipoingia kunywa chai, wakati wa kutoka ni lazima anisindikize mpaka garini. Iwe baridi ya Julai, iwe mvua, yeye na ndara zake na kitenge begani. Nikimwambia, "Wee mama, si gari liko hapo tu, hatua kumi!" anajibu, "Dada Wanjugu, kwetu Walungu mgeni hatumuachake ku mlango." Halafu anasimama barabarani mpaka nipige kona.

Siku moja aliniambia sababu. Usiku waliokimbia Walungu, kule Kongo, hakuna aliyewasindikiza. Alipita na watoto wawili hadi kambi ya Nakivale, Uganda, akakaa miaka kumi na mmoja, akamzika mume hukohuko, ndipo akaletwa Sydney. Alisimulia hayo yote akikoroga chai, mimi nikitazama saa.

Tulifanya kazi pamoja kwenye makao ya wazee. Kuogesha, kulisha, kubadilisha nepi, kumgeuza mgonjwa asitoke vidonda. Mimi nilikuwa wa haraka, yeye wa polepole, na kiongozi wa zamu alimgombeza yeye.

Mwaka wa 2021 chumba namba tisa kilikuwa cha Emrys, mzee wa Wales wa miaka themanini na tisa, aliyehamia Sydney akiwa kijana. Mkorofi huyo, aki! Uji ni baridi, chai ni maji matupu, sisi hatujui kufunga vifungo. Dada yake Nesta alikuwa amekufa kwa Covid kule kwao mwaka uliotangulia. Mipaka imefungwa, ndege hakuna, mazishi akayatazama kwenye simu. Chibalonza naye alimzika mama yake hivyohivyo, kwenye simu, amekaa ndani ya gari langu. Basi hao wawili wakashikamana.

Watu wa kijiji cha Emrys walikuwa wamerekodi maelezo ya kuwatembeza wageni. Unabonyeza simu, sauti inakuambia simama hapa, huu ulikuwa mgodi wa makaa ya mawe. Sasa vuka daraja, tazama mlima upande wa kushoto. Vituo kumi na viwili, kila kimoja na mwenyeji wake anayesimulia. Cha mwisho ni kanisa dogo juu ya kilima, na msimulizi wa hapo ni Nesta. Alirekodi kabla hajaugua.

Mtu mwenye akili timamu angebonyeza kumi na mbili, akamsikia dada yake, mambo yakaisha. Emrys akakataa katakata. Alitaka kufika kwa dada yake kwa miguu, kwa njia ileile ya utotoni, kituo kwa kituo. Na Chibalonza, badala ya kumwambia mzee acha mchezo, akasema, "Ni sawa, mzee yangu. Nitakusindikiza mpaka kwa dada yako."

Kila zamu, baada ya chai ya saa tisa, wakawa wanatembea kwenye korido, mzee na kigari chake cha kushikilia, simu ndani ya kikapu, sauti juu. Stoo ya mashuka ndiyo ilikuwa stesheni ya zamani. Mashine ya maji ya kunywa ndiyo daraja. Emrys alibishana na simu. "Mwongo huyo! Duka la mikate lilikuwa ng'ambo!" Na akishabishana, lazima kituo kirudiwe kesho yake, kwa hiyo safari ilichukua wiki nyingi. Jina la kijiji kile Chibalonza alilitamka kama mzaliwa. Mimi silijui mpaka leo.

Nilimcheka sana. Ati unapanda milima ya Wales na wewe hata Blue Mountains hapo jirani hujafika! Naye alicheka, akaendelea na safari yake.

Agosti walikuwa wamemaliza kituo cha kumi. Tulikuwa tumefungiwa kwa Covid, sisi wa upande wa Blacktown, magharibi mwa jiji, tunatembea na vibali vya kazi, polisi wanatusimamisha kama wezi. Ugonjwa ukaingia kwenye ghala moja huko Ingleburn, alikofanya kazi Prince, mwana wa Chibalonza, naye Prince akapimwa akakutwa nao. Nyumba nzima ikafungiwa ndani wiki mbili.

Chibalonza akanipigia simu. Habari ya mwanawe hakuanza nayo. "Dada, mzee amebakiza vituo viwili tu, na nguvu zinamuisha. Minakuomba umufikishe." Akanitumia kiungo cha maelezo yale kwenye simu. Dakika nane kituo cha kumi na moja, dakika sita cha kumi na mbili. Nikamwambia, "Usijali, nitamfikisha."

Haya, niambie nilikuwa na kazi nyingi. Nilikuwa nazo kweli. Tulibaki watu watatu kwa wazee thelathini na wawili, barakoa imenichubua masikio, gauni la plastiki linanipikia jasho. Jumatatu Emrys akaniuliza, "Leo tunakwenda?" Nikasema kesho. Jumanne nilimkuta amevaa kofia yake ya sufu, amekaa ukingoni mwa kitanda, kigari mbele yake. Nikasema kesho, Emrys, huoni vile nakimbia? Na siku hiyohiyo nilipata mapumziko ya dakika ishirini, nikaketi garini nikitazama vichekesho kwenye simu. Simu ileile yenye kiungo. Sikuwa nimesahau, na nisiseme uongo hapa pia. Niliona ni upuzi mtu mzima kuzungushwa kwenye korido ati anakwenda Wales, na sikutaka wenzangu waniweke fungu moja na Chibalonza.

Jumatano hakuinuka kitandani, hakuuliza kitu, nami nikaona afadhali. Alhamisi sikuwa na zamu. Ijumaa nilikuta mashuka yametolewa na ile kofia imetiwa kwenye mfuko wa plastiki.

Chibalonza alirudi Septemba, amekonda. Mlango wa namba tisa ulikuwa na jina lingine. Hakuuliza mzee alikufaje.

"Ulimufikisha?"

"Nilimfikisha."

"Mpaka kwa dada yake?"

"Mpaka kwa dada yake."

"Na dada yake alisema nini?"

Laiti ningenyamaza! Nikasema, "Alimwombea. Sala nzuri sana. Mzee akalala nayo."

Akanishika mikono, glavu kwa glavu, analia nyuma ya barakoa, aksanti, aksanti sana. Jumapili akanitaja kwenye ibada ya Zoom mbele ya kanisa lao lote, mtu aliyemfikisha mgeni nyumbani. Watu wakasema amina. Nilizima kamera.

Novemba, tulipokuwa tumefunguliwa, akaniita chai. Mandazi, maziwa, kila kitu. Tulipokaa akaweka simu mezani. "Cha kumi na mbili sijasikiliza," akasema. "Nilikungojea wewe, ndiye ulifika naye." Nikaanza kusema nina haraka, lakini alikuwa ameshabonyeza.

Ilikuwa sauti ya bibi mwenye utani. Akasema paa la kanisa linavuja tangu vita. Akasema benchi la tatu kutoka nyuma lina herufi E kwa chini, iliyokwaruzwa kwa msumari na kaka yake, ambaye yuko Australia na anajifanya hakumbuki. "Ingiza mkono uiguse," akasema, "halafu funga mlango, unatuingizia baridi." Ikaishia hapo. Sala haikuwemo. Hata jina la Mungu halikutajwa.

Chibalonza alingoja kidogo, pengine kuna kilichobaki. Kisha akanitazama. Mimi, jameni, nikatazama mandazi.

"Kunywa chai yako," akasema. "Itapoa."

Nikainywa yote. Ningeweza kuomba msamaha pale, lakini nilizungumza habari za foleni barabarani kama mpumbavu. Nikasimama, nikasema basi mimi naenda. Nikavaa viatu polepole, nikafunga kamba, nikazifungua, nikazifunga tena. Ndara zake zilikuwa palepale mlangoni.

"Kwaheri, dada," akasema, amekaa.

Nikatoka, nikatembea zile hatua kumi mpaka garini.