Mara Moja Tena

Juzi mwanangu alinionyesha kwenye simu familia ikiteleza kwa mbao kwenye theluji, nami nikasikia harufu ya mgomba mbichi.

Idi moja nilipokuwa mtoto tulikwenda kwa bibi, kijijini Nambilanje. Alasiri baba alitupeleka kilimani, tukateleza kwenye nyasi tukiwa tumekalia magome ya mgomba, yeye nyuma, mimi mbele yake. Wakati wa kupanda alisimama kila mara, mkono kifuani, akihema. Nilidhani anaigiza uzee ili tucheke, nikacheka sana. Habari za moyo wake mama alinieleza tulipokwisha kumzika.

Mama alituita turudi.

“Baba, mara moja tena,” nikasema.

Alikitazama kilima kwa muda. “Haya, mwanangu,” akasema, akaanza kupanda.