Ardhi Niliyoiita Tupu

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, miaka ya sabini ikiwa katikati, nilipokuwa nikimfuata mpangaji wa mji aliyetumwa kutoka Nairobi, daftari mkononi, viatu vyangu vipya vya visigino vimejaa mchanga. Visigino porini, mwanangu. Cheka tu, hata mimi nacheka.

Nilikuwa msichana wa kwanza kuchora ramani katika ofisi ya baraza hapa Isiolo, na jambo hilo nalitaja mpaka leo bila kuona haya. Baba yangu, mchinjaji wa mbuzi sokoni, aliwaambia wateja wote kuwa binti yake anashika kalamu ya wino ambayo hata chifu hajui kuitumia. Kichwa kilinivimba. Nyumbani niliongea Kiborana kwa sauti ya chini ili majirani wasinisikie, na kazini nilijifanya mtoto wa mjini ambaye hajawahi kukamua ng'ombe.

Mji wakati huo ulikuwa unakua ovyo. Fundi alichomelea vyuma mlangoni pa zahanati, wauza ngozi walianika ngozi mbichi kando ya shule, na mashine za kusaga zilinguruma katikati ya nyumba za watu. Baraza likaamua kutenga eneo moja la viwanda, ili kichinjio, kiwanda cha ngozi na magereji vikae pamoja, mbali na watoto. Bwana Kilonzo, mpangaji mwenyewe, alitafuta mahali pa kufaa. Kazi yangu ilikuwa kuandika kilichoko ardhini, kisha kuchora.

Tukafika kwenye uwanda mpana karibu na barabara. Nyumba hazikuwepo. Palibaki duara za ardhi ngumu iliyofagiliwa, mawe ya jiko hapa na pale, na mazizi yaliyozibwa milango kwa matawi ya miiba. Mborana yeyote angeelewa. Wenyewe walikuwa wamefungasha nyumba zao juu ya ngamia na kufuata malisho upande wa Kinna, na mvua ikinyesha wangerudi. Anayehama moja kwa moja hajisumbui kuziba zizi.

"Kame," Bwana Kilonzo akaniita kwa jina, "hapa kuna watu?"

Ningemweleza kwa sentensi mbili. Lakini nilifikiri, nikianza habari za ngamia na mazizi, huyu bwana ataniona mshamba kama hao wengine. Nikasema hakuna. Nikaandika kwenye daftari neno moja: tupu. Wiki iliyofuata nikachora mstari wa wino kuzunguka uwanda ule, mstari mzuri ulionyooka, na ndani yake nikaandika kwa herufi kubwa ENEO LA VIWANDA. Niliutazama nikajisifu.

Mvua zikanyesha. Siku moja mlango wa ofisi ukafunguliwa akaingia bibi mmoja mrefu, mkavu, fimbo mkononi. Tulimwita Akko Darmi, yaani nyanya Darmi, kwa sababu alikuwa rika la bibi yangu. Alitoa salaam, akakaa sakafuni ingawa kiti kilikuwepo. Alikuwa amerudi na jamaa zake kutoka malishoni wakakuta vigingi vya saruji vimesimamishwa katikati ya nyumba zao, na karani wa chifu akawaambia wasijenge tena pale.

"Ni nani aliandika kwa karatasi ati kwetu hakuna watu?" akauliza.

Nikainamia ramani yangu mezani. Akaninyooshea fimbo yake.

"Kama ni mgeni aliandika, mimi sina neno na yeye. Mgeni hajui. Lakini wewe ni mtoto ya huyu mchinjaji. Mama yako alikuzaa kwa ile boma unasema ni tupu. Mimi ndiye nilikushika."

Mwanangu, nimegombezwa na wakubwa wengi maishani, hakuna aliyenichoma kama yule bibi aliyeongea pole pole. Nililia. Hakunibembeleza. Alisubiri nimalize, akaniambia vigingi vimetangulia tu, mkutano wa baraza wa kupitisha ramani ni Alhamisi, na kwamba yeye atakuja, na mimi nitasema mwenyewe.

Siku mbili zilizobaki sikula vizuri. Nilijua nikisimama nitaitwa mwongo mbele ya madiwani, na kazi itaniponyoka, na baba ataaibika sokoni. Nikinyamaza, familia zile zingesukumwa zisikojua. Sikuwa na njia ya tatu, na niliitafuta sana.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Bwana Kilonzo alitundika ramani, akaeleza. Diwani mmoja akauliza kama kuna pingamizi. Niliinua mkono, nikasema, "Mimi ndiye nilisema hapa hakuna watu. Nilijua wako. Niliona haya kusema kwetu wanaishi vipi." Nikaeleza mazizi, ngamia, na kurudi kwa mvua. Wengine waliguna. Baba yangu, aliyekuwa nyuma, aliinamisha kichwa.

Bwana Kilonzo hakufoka. Aliishusha ramani, akailaza mezani, akatoa wembe mfukoni. Wino kwenye karatasi ile ya kuchorea haufutiki kwa raba, lazima uukwaruze taratibu kwa wembe bila kutoboa. "Uliuweka wewe," akasema, "uutoe wewe." Nikaukwaruza mstari wangu mbele ya ukumbi mzima, na hakuna aliyeondoka.

Kisha akamgeukia Akko Darmi. "Mama, basi nionyeshe wewe. Viwanda viende wapi?"

Kesho yake alituongoza kwa miguu, na safari hii nilivaa kandambili. Alituonyesha ardhi ya mawe kwenye mteremko, upande wa chini wa mji, ambako hakuna anayejenga kwa mvua wala kwa kiangazi. Aliokota vumbi, akaliachia, likapeperuka kwenda nyikani. "Harufu ya ngozi itaenda hivi," akasema, "na maji chafu haiwezi kupanda irudi kwa mtu." Bwana Kilonzo alipima upepo na mteremko kwa vyombo vyake siku tatu, akarudi akicheka peke yake. Bibi hakuwa amekosea hata kidogo.

Mimi nilipewa barua ya onyo na miezi sita ya kubeba faili. Nilizibeba bila kunung'unika. Miaka ya themanini ilipoingia, nilikuwa mkuu wa chumba cha ramani, na kila kijana aliyeajiriwa nilimpeleka kwanza kwenye zizi lililozibwa nikamwuliza anaona nini. Baraza lilipokubali ile ardhi ya mawe, ramani mpya niliichora mimi. Kwenye uwanda ule niliandika majina ya wenye nyumba, mmoja mmoja, na Akko Darmi, ambaye hakujua kusoma, aliniuliza lake ni lipi. Nikamwonyesha. Akaweka kidole juu yake na hakukiondoa mpaka chai ikapoa. Nimejenga nyumba, nimesomesha watoto, lakini sijaona fahari kama ile.

Basi mwanangu, nawe umesoma kuliko mimi, siku moja mgeni mwenye cheo atakuuliza habari za kwenu. Usipime kwanza atakuonaje. Mwambie unachokijua, chote, hata kama kinanuka maziwa na moshi, kwa sababu yeye anakutegemea wewe, na nyuma yako wako watu ambao hawamo chumbani. Na ukishakosea, usingoje mwingine aje na wembe.

Mungu akupe nagaa, ile amani tunayoombeana sisi kila asubuhi. Aufanye mkono wako kuwa mwepesi wa kuandika majina ya watu, na wanaporudi nyumbani na mifugo yao, wakute nafasi yao inawangoja.