Siku Nilipoilaza Vista ya Mama wa Sare

Mwaka wa 2007 nilikuwa na cheti cha kompyuta, shati moja lenye kola, na kiburi cha kutosha watu watatu. Cheti kilitoka chuo fulani cha ghorofani hapa Nakuru, ambako tulisoma wanafunzi wanne kwa kompyuta moja, mmoja akishika mausi, watatu wakishika tama. Lakini cheti hakisemi nani alishika nini. Nikajiita fundi, na mji ukakubali.

Mwezi wa kumi nilipigiwa simu na mama mwenye duka la sare za shule. Alikuwa mjane, Mhindi mzaliwa wa Nakuru, miwani yake imening'inia kifuani kwa kamba. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Kikuyu alikuwa nacho cha kupatana bei, na Kigujarati alikihifadhi kwa ajili ya kukasirika. Mji mzima ulimwita Mama wa Sare.

Nyuma ya duka lake kulikuwa na mashine ya kudarizi, kubwa kama friji iliyolazwa, iliyoshona beji za shule kwa kufuata michoro kutoka kwa kompyuta. Kompyuta yake ya zamani ilikuwa imeungua siku stima ilipopotea kisha ikarudi na hasira. Mkwe wake akamletea nyingine kutoka ng'ambo, nyeusi, inang'aa, na ndani yake mfumo mpya wa kuendesha kompyuta, Vista, ndiyo kwanza umetoka.

"Shida ni hii," aliniambia. "Kuna mtu anagombea udiwani. Anataka kofia zenye sura yake. Si jina tu, hata sura. Mashine haiwezi mchoro mkubwa hivyo mpaka iongezewe nguvu. Walioitengeneza wamenitumia CD ya kuiongezea, na Vista inaikataa."

Niliipindua ile CD. Imeandikwa wazi: XP pekee, yaani mfumo uliotangulia Vista.

"Kazi ya saa moja, mathe," nikasema. "Naiweka XP kando ya Vista. Ukiwasha, unachagua unayotaka."

"Zitakaa pamoja bila kugombana?"

"Kama wake wenza."

"Wake wenza huwajui," akasema fundi wake wa cherehani bila kuinua kichwa. Alikuwa mzee, shemasi kanisani, na nyumbani kwao walikuwa mama watatu.

Mama wa Sare akaninyooshea kidole. "Picha za harusi ya binti yangu ziko humo. Zote. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mathe."

Kila aliyewahi kufanya kazi hii anajua sheria yake: ya zamani hutangulia, mpya hufuata. Ukigeuza, ile ya zamani haijui kuwa mpya ipo, maana ilitengenezwa kabla yake. Inakalia mlango na kujitangaza mwenye nyumba. Mimi sikulijua hilo. Siku lilipofundishwa nilikuwa kwenye zamu ya kushika tama.

XP ilianza kwa kugoma. Ikasema haioni diski yoyote.

"Inataka driver," nikamweleza mama.

"Dereva wa nini? Kompyuta iko mezani."

Nilipekuapekua mipangilio mpaka nikapata pa kuiambia diski ijifanye ya kizamani, na XP ikaingia. Kufika saa sita mchana kile kilima cha kijani, picha ya XP, kikatokea kwenye skrini, kama Njoro baada ya mvua. Nikajipigia makofi. Kisha nikazima na kuwasha tena, ili nimwonyeshe mama vile atakavyochagua.

Hakukuwa na kuchagua. Kompyuta iliingia XP moja kwa moja. Nikazima, nikawasha. XP. Nikangoja kidogo, nikawasha kwa upole, kama mtu anayebisha kwa mkwe. XP. Vista ilikuwa imetoweka, pamoja na bibi harusi, bwana harusi na wageni wote.

Mama wa Sare akaja na chai. "Na ile nyingine?"

"Imelala kidogo, mathe."

"Kompyuta hulala?"

"Hizi mpya, ndiyo."

"Na picha?"

"Nazo zimelala."

Akavaa miwani, akanitazama juu yake, akaweka kikombe, akaenda zake. Shemasi akasimamisha cherehani. "Kijana, mimi hushona na nguo za maiti. Naijua sura ya kilicholala na ya kilichokufa."

Kusema kweli Vista haikuwa imekufa. Mlango wake tu ndio uliozibwa. Kuuzibua kulihitaji DVD ya Vista yenyewe, na kompyuta ilikuja bila. Nilizunguka mjini mpaka jioni. Wauza CD walikuwa na sinema za kila aina, Vista hakuna. Akabaki mtu mmoja niliyemfahamu ambaye lazima angekuwa nayo, na ndiye mtu ambaye nisingependa kumwomba hata maji.

Tulisoma naye chuo. Alikuwa akiandika kila neno la mwalimu kwenye daftari, nasi tukamwita Karani. Kicheko nilikiongoza mimi. Sasa alikuwa akisimamia kompyuta za shamba la maua kule Ndabibi.

"Niaje," nikamwambia kwa simu.

"Unataka nini?" akajibu.

Asubuhi nikadandia pikapu ya mboga iliyokuwa ikirudi Ndabibi tupu, nikakaa juu ya magunia matupu. Nilifika nikiwa mweupe kwa vumbi mpaka kwenye kope. Ofisi yake ilikuwa kando ya nyumba ya pampu. Alikuwa amevaa gambuti, na kwa kubofya mara mbili alikuwa anaweza kunyeshea ekari nzima. Nikamweleza yote.

"Ukaweka ya zamani juu ya mpya," akasema.

"Kando."

"Juu. Picha ulizihifadhi kwanza?"

Nikaangalia pampu.

Alitoa DVD kwenye droo, na daftari. Daftari hakunipa. "Andika," akasema. "Kwa mkono." Nikaandika kurasa mbili kama mtoto wa darasa la tatu, kisha akanitaka nisome kwa sauti. Mfanyakazi wa pampu, aliyekuwa akinywa uji mlangoni, alijua kabla yangu kwamba nimeruka hatua ya nne. Nikasoma upya.

"Na huyo mama umwambie ukweli," akasema akinisindikiza.

"Picha zikirudi kuna haja gani?"

"Mwambie kabla hazijarudi."

Njiani nilitunga maelezo matatu mazuri yenye maneno magumu ya kitaalamu. Nilipofika dukani yote yakanitoka. "Mathe, Vista hailali," nikasema. "Niliikosea. Na picha sikuzihifadhi kwanza. Nadhani ziko, lakini sina hakika."

Mama wa Sare akavuta droo ya vifungo, akatoa CD iliyofungwa kwa kitambaa. "Mkwe wangu alinipa nakala ya picha siku ile ile aliyoleta kompyuta. Nilikuwa nikingoja uniambie."

"Sasa mbona hukusema?"

"Mbona wewe hukusema?"

Akaongeza maneno machache ya Kigujarati. Sikuhitaji mkalimani.

Nikakaa chini nikafuata kurasa zangu mbili hatua kwa hatua, kidole juu ya mstari. Nilipowasha, skrini ikawa nyeusi na mistari miwili ikatokea: Vista juu, XP chini. Nikaingia Vista kwanza. Bibi harusi alikuwepo, na hina yake ya mehendi mpaka kwenye viwiko. Mama akapitia picha zote mbele yangu, moja moja, akinitajia shangazi na binamu. Ndiyo ilikuwa adhabu yangu, na ilikuwa ndefu.

Kisha nikaingia XP, nikaunganisha mashine kwa kebo yake, nikaweka CD. Onyo likatokea: usizime umeme mpaka imalize, la sivyo mashine itaharibika kabisa. Kwa Nakuru, hilo si onyo, ni uchokozi. Shemasi akafumba macho. Mama akashika mkufu wake. Mimi nikatazama asilimia zikipanda.

Zilipofika sitini, kinu cha posho cha jirani kikaanza kusaga na taa ikafifia. Mama wa Sare akatoka mbio na ndara zake. Nikasikia lugha tatu kwa mpigo. Kinu kikanyamaza. Sitini na moja.

Mia ilipofika, shemasi alisema "Amina" kwa sauti ya kumalizia mazishi.

Mgombea alikuja siku ya pili na wapambe wawili. Mama akamkabidhi kofia ya kwanza. Mashine ilikuwa imefanya kila iliyoweza, lakini uzi ni uzi. Pua ilikuwa imetambaa, macho yamevimba. Kwangu mimi alikuwa kiboko anayetoka majini.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni wewe, mheshimiwa," Mama akajibu bila kupepesa.

"Ni yeye kabisa," mpambe mmoja akasema. Wa pili alikuwa ameziba mdomo na anatazama dari.

Mgombea akaisogeza kofia kwenye mwanga, akaigeuza. "Ni babangu," akasema hatimaye. "Alikufa bila kupigwa picha hata moja." Akachukua kofia zote, na akaomba nyingine moja isiyo na maandishi, ya kumpelekea mama yake.

Mpinzani wake akasikia, naye akaja na picha yake. Mashine ikampa sura ile ile, ila yenye masharubu.

Mwaka mpya ulipoingia, matokeo ya uchaguzi yakazua vita, na Nakuru iliona mambo ambayo siwezi kuyafanyia mzaha. Hakuna aliyetaka kuonekana na kofia ya mtu yeyote. Duka lilifungwa majuma kadhaa. Nilipolipita tena lilikuwa wazi, na kando ya shemasi walikuwa wameketi wanawake wawili wageni, mafundi wa cherehani kutoka Molo, waliokuwa wakilala kwenye kambi ya waliofukuzwa makwao na kushinda pale. Mashine ilikuwa ikishona beji za shule, kwa kelele nyingi kiasi kwamba tulisalimiana kwa kupungiana mikono. Mama wa Sare akanisogezea stuli, na mmoja wa wale wanawake akanimiminia chai.