Ndege ya Mikia Miwili

Mtu mwenye akili angempa baba yake maharagwe aambue. Dada yangu alilisema hilo kwa simu, na mama anayeuza mboga nyuma ya nyumba yangu hapa Nyeri akalisema tena bila kuulizwa. Mimi, niliyesoma mpaka miwani ikawa sehemu ya uso wangu, nilimpa ndege.

Baba alipatwa na kiharusi akiwa shambani kwake, upande wa mlima, akipogoa kahawa. Upande wote wa kushoto ukalala. Hospitali ilipomruhusu nilimleta kwangu. Mguu ulirudi kidogo kidogo, lakini mkono ukakataa. Kila Jumanne alikuja binti mmoja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mzaliwa wa Kisii, aliyemwita Guka kama watoto wa hapa wanavyowaita babu zao. Kwa ajili yake nyumba yetu, inayoongea Gikuyu siku sita, iliongea Kiswahili siku ya saba.

"Guka, finya hii mpira."

"Imenikosea nini ndio niifinye?"

"Ndio vidole ziamke."

"Ziache zilale. Zimefanya kazi tangu wakati wa mkoloni."

Binti alicheka, akampangusa mate kidevuni, akaniita nje. Huko hakucheka. "Mkono iko na nguvu, nimeisikia. Ni yeye hataki. Asipoitumia hii miezi ya kwanza, vidole zitajikunja na hazitafunguka tena. Mtafutie kitu anapenda."

Nilidhani ni ukaidi. Baba alikuwa fundi wa mashine za kusagia mahindi, mtu wa spana na grisi, na nilijiambia kwamba mpira wa kufinya ni tusi kwa mtu kama huyo. Kwa hiyo nilipokwenda Kutus kununua mchele, nikaona kwenye kibanda cha vitu vya watoto vya mitumba boksi lililofungwa kwa selotepu, lenye picha ya ndege ya vita iliyofifia, nikajiona nimepata ufunuo. Ndani mlikuwa na vipande vya plastiki zaidi ya mia, vikiwa bado vimeshikamana na fremu zake kama matunda mabichi, na karatasi ya maelekezo iliyotafunwa pembeni na panya.

"Chukua, daktari," mwenye kibanda aliniambia. Miwani tena. "Hiyo ni ya watu wamesoma. Hapa imekaa hadi imezeeka."

Gundi yake ilikuwa imekauka ikawa jiwe. Nikanunua nyingine dukani, ile ya kuunganishia viatu.

Tuliianza siku iliyofuata kwenye meza ya chakula. Mimi nilikata vipande kwa wembe, baba akavishika. Mara ya kwanza aliushika mwili wa ndege kwa mkono wa kulia, nikamwambia hapana, huo nauhitaji unipokelee kifuniko cha gundi. Uongo mtupu. Lakini fundi ni fundi: alipoona nusu mbili zinakaribia kuungana vibaya, mkono wa kushoto ulitoka mapajani wenyewe, ukatetemeka hewani kama kifaranga, ukazibana. Nilijifanya nasoma maelekezo, ingawa nilikuwa nimeyashika juu chini.

"Mkubwa wangu," baba alisema, "wewe ungeunda gari, tungezika watu."

Ananiita hivyo tangu nizaliwe. Kwetu mwana wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama, na mimi, wa tatu, nilipewa jina la kaka mkubwa wa baba. Kaka huyo alikufa kabla ya uhuru. Tuliambiwa alikufa kwa ugonjwa wa kifua, akifanya kazi kwenye shamba la Mzungu huko mbali. Kwa kuwa nimebeba jina lake, baba amekuwa mdogo wangu maisha yangu yote. Hata aliponichapa, aliniomba radhi kwanza.

Wiki tatu tulifanya hivyo kila asubuhi baada ya uji. Binti alikuja, akapima vidole, akapiga makofi. "Guka, mwezi ujao unafunga vifungo mwenyewe!" Baba akanuna, lakini nilimwona akiutazama mkono wake kama mtu anayemtazama ng'ombe aliyedhani amekufa. Nami nilianza kutunga kichwani insha tamu kuhusu ndege ya vita iliyomponya mzee. Nilikuwa nimefikia hata aya ya mwisho.

Kisha tukaunganisha mkia.

Mpaka hapo lilikuwa bomba lenye mabawa. Tulikuwa tumeshapachika injini zote nne. Nilipobandika mkia, ambao ulikuwa na mapezi mawili yaliyosimama, moja kila upande, baba aliichukua. Aliinyanyua ndege kwa mkono wa kulia, akaipitisha juu ya kichwa chake, akaitazama kutoka chini. Hivyo ndivyo alivyoijua: kutoka chini.

"Hizi ndizo zilikuja," alisema.

Nilitoa simu, nikasoma kwenye mtandao kwamba si ileile kabisa. Zilizodondosha mabomu kwenye misitu yetu wakati wa Hali ya Hatari ya mkoloni zilikuwa ndugu zake wadogo, zilizoundwa baadaye. Lakini mtoto anayelisha mbuzi hawezi kuona tofauti hiyo, na ningekuwa mtu mzima zaidi kama nisingemweleza baba.

Alisubiri nimalize kueleza. Kisha akasema kaka yake hakufa kwa kifua. Alikuwa msituni na wapiganaji wa uhuru. Mama yao, pamoja na wanawake wote wa kijiji, alitolewa kila alfajiri kwenda kuchimba handaki kando ya msitu, ili walio ndani wasitoke na chakula kisiingie. Alirudi viganja vimechanika. Siku moja homgadi, askari mwenyeji wa serikali ya mkoloni na jirani yao, alimkuta baba na mbuzi. Baba alikuwa na miaka kumi na mmoja au kumi na miwili.

"Aliniambia, tuonyeshe tu upande, na mama yako atapumzika. Nikaonyesha."

"Uliwaonyesha wapi?"

"Bonde. Nilijua bonde kwa sababu chakula chake nilikipeleka mimi." Aliiweka ndege mezani polepole sana. "Mama alipumzika siku moja. Siku ya tatu zikaja hizi."

Kaka yake hakuonekana tena. Hakuna kaburi, hakuna mtu aliyeleta habari. Bibi yangu aliacha kumuulizia, na baba hakujua kama aliacha kwa kuwa alikata tamaa au kwa kuwa alijua.

Hapo nikafanya kile ambacho shule ilinifundisha: nikatoa hoja. Nilimwambia ndege zilipiga eneo kubwa kwa kufuata ramani, hakuna ofisa ambaye angengoja kidole cha mtoto. Nilimwambia jirani yule alikuwa na watoa habari wengine. Nilisema mambo mengi ya kweli.

"Ulikuwepo?" baba aliuliza.

Nilipoishiwa na hoja nikashika mila, kama mtu wa kwetu anavyofanya akishindwa. Nikamwambia, mimi ndiye yeye. Jina ninalo. Umeniita mkubwa wako miaka hamsini na kitu. Basi mimi mkubwa wako nimekusamehe.

Alinitazama bila hasira, jinsi anavyotazama mashine ambayo mteja ameshaitengeneza vibaya kabla ya kumletea.

"Jina ulipewa," alisema. "Mdomo wake hukupewa."

Kisha akauchukua mkono wa kushoto kwa ule wa kulia, akaurudisha mapajani. "Nilikuwa natumia kushoto utotoni. Walimu ndio waliniachisha. Huu ndio ulioonyesha. Umelala, uache ulale. Nimeungoja miaka yote hii."

Kumbe sivyo nilivyodhani. Hakuwa amekata tamaa ya kupona. Alikuwa ameona deni limekuja kuchukuliwa mwishowe, na mimi na plastiki yangu tulikuwa tunamfukuza mdai mlangoni.

Jumanne binti alikuja na mpira. Baba alimshukuru kwa heshima zote, akamwambia mkono umestaafu. Binti alinigeukia. "Si ilikuwa inaendelea vizuri? Nini imefanyika?"

Nilimwambia harufu ya gundi ilimsumbua kifua. Nilisikia neno hilo likitoka kinywani mwangu, na baba alilisikia pia, akatazama dirishani.

Sasa imepita miezi minne. Mtaalamu alinifundisha kitu kimoja cha kufanya hata mgonjwa asipotaka, ili kucha zisizame kwenye kiganja zikaleta kidonda. Kila asubuhi napaka mafuta, naingiza kidole gumba changu katikati ya ngumi yake, nakifungua kidole kimoja baada ya kingine. Hanizuii. Wala hanisaidii. Vikifunguka vyote vitano navishika vimenyooka, nahesabu hadi sitini kama nilivyoagizwa, naye anaongea habari za mvua na bei ya kahawa. Nikiachilia, vinarudi.