Mama wa Tiketi na Miti ya Kigwena
Mama anayetuuzia tiketi za ndege hapa Rumonge husoma kila karatasi mara mbili, kidole kikifuata mstari, midomo ikitembea bila sauti. Bango la shirika moja la ndege, ofisini mwake, lilidai kwamba kila abiria hupandiwa mti katika msitu wa Kigwena, karibu na hapa, kwa hiyo safari haichafui hewa. Nilitaka tiketi hiyo, ingawa ilikuwa ghali kuliko nyingine. Akanizuia.

“Ngoja, baba. Kigwena nilifika juzi. Ile miti haiko.”

Mbele yangu akampigia simu mkubwa wa shirika. “Munionyeshe miti, ao nitoe bango. Sheria haituruhusu kudanganya mununuzi.” Angeweza kupoteza kazi, lakini sauti yake haikupanda. Mkubwa hakutaja mahali miti ilipo, naye akalishusha bango mwenyewe. Nilisafiri kwa tiketi ya kawaida, nikijua nilichonunua. Murakoze sana, mama, asante.