Pamba Ndani ya Soksi

"Shangazi, utajuaje kama unamuuma, na mguu wenyewe si wako?"

Nilimuuliza hivyo akiwa amekalia sanduku lake ili lifunge, siku aliyokuwa anaondoka kwenda kusoma muhula mmoja nchi nyingine. Nilikuwa darasa la tatu, na nilikuwa na maswali mengi kuliko meno. Shangazi akasema zipu imenasa, nimletee kipande cha mshumaa aipake. Nikaleta. Zipu ikafunga, swali likabaki wazi.

Swali lenyewe halikutoka hewani. Shangazi, mdogo wake baba, alikuwa anasomea kutengeneza miguu ya bandia, na nyumbani tulikuwa nao mmoja. Ulikaa kwenye kabati la babu, nyuma ya makoti, umevaa soksi na kiatu cha kamba kilichopigwa rangi kikang'aa. Nilipokuwa mdogo zaidi nilikuwa nafungua kabati naupa shikamoo, maana niliambiwa ni wa babu. Babu mwenyewe alitembelea magongo. Gogo lilimwangukia kwenye kiwanda cha mbao kabla sijazaliwa, akakatwa chini ya goti, akapimwa, na siku ya kuuchukua mguu fundi akamuuliza anauonaje. Babu akajibu, umenikaa kama nimezaliwa nao. Akatembea nao hadi nyumbani, akauvua, akautia kabatini, basi. Mafundi wengine waliletwa kumbembeleza, akawaaga wote kwa heshima kabla hawajafungua mikoba. Alisema atakayemgusa tena ni binti yake, na awe amehitimu, siyo aje kujifunzia kwenye mfupa wake.

Kwa hiyo safari ile haikuwa ya shangazi peke yake. Chuo chake hakikuwa na karakana ya maana, na kila mwaka kiliteua mwanafunzi mmoja tu akafanyie mtihani wa vitendo kwenye chuo cha nje. Mtihani ni mguu. Unapewa mtu, unamtengenezea, anatembea mbele ya watahini. Akitembea vizuri, umepita. Asipotembea, unarudi kwenu mikono mitupu, maana mwaka unaofuata nafasi ni ya mwingine.

Ninayoyasimulia sikuyaona. Nimeyachimba kwa shangazi kidogo kidogo kwa miaka, hasa alipokuwa ananisuka nywele, kwa sababu hapo hakuna anayeweza kukimbia.

Kule alikokwenda wanaongea lugha hii hii yetu, ila wanaivuta mwishoni, hata "karibu" yao inachelewa kufika. Alipewa kitanda cha juu bwenini, dirisha likitazama ukuta. Karakana ndiyo iliyomtoa macho. Ukumbi mrefu, vumbi la plasta kwenye kila kitu hadi kwenye kope za watu, na ukutani miguu imening'inizwa kwenye kulabu, mingine midogo ya watoto. Msimamizi wao alikuwa mama mrefu mwenye rula ya chuma kwenye mfuko wa koti. Wanafunzi walimwita Bi Rula, na alijua. Hakuwa mkali wa kelele, alikuwa mkali wa kunyamaza. Alikuwa anaweza kusimama nyuma yako unasugua kwa tupa, asiseme neno, na ukajikuta umeanza upya.

Mtu aliyepewa shangazi alikuwa kinyozi. Pikipiki ilimsaga mguu, madaktari wakaukata chini ya goti kama wa babu. Alikuwa mtu wa maneno. Siku ya kwanza tu, shangazi anamzungushia bandeji ya plasta kwenye kigutu, kipande cha mguu kilichobaki, apate umbo lake, yeye anasimulia habari za wateja wake mmoja baada ya mwingine, na anamwita shangazi daktari.

"Mimi si daktari, kaka, ni mwanafunzi."

"Aliyeshika mguu wangu ni daktari. Ukiuangusha ndiyo nitakuita mwanafunzi."

Lakini nyuma ya utani kulikuwa na jambo lililomkosesha usingizi. Kiti chake kazini kilikuwa kimekaliwa na kinyozi mwingine kwa muda, na mwenye banda alishasema bayana: ukirudi umesimama kabla ya mwisho wa mwezi wa mtihani, kiti chako. La sivyo, mwenzako anabaki. Kinyozi hanyoi ameketi. Anakizunguka kichwa cha mtu kama mwezi, kutwa nzima.

Bi Rula alikuwa na sharti lake: kabla hujamchongea mtu mguu, nenda kamwone anapofanyia kazi. Shangazi akaenda. Banda dogo, vioo pande mbili, harufu ya spiriti na poda, na kinyozi wake kaketi kwenye kigoda pembeni, magongo magotini, anamwelekeza mwenzake kwa kidole. Mteja akamalizwa. Akashikiwa kioo nyuma ya kichwa ajione kisogo. Akasema safi, akashukuru, akaondoka.

"Hajapenda," kinyozi akamnong'oneza shangazi.

"Si amesema safi?"

"Daktari, tangu nianze kazi hii sijapata mtu wa kuniambia nimemharibu. Kioo kikija, wote safi. Mimi siwasikilizi. Natazama mlangoni. Akivaa kofia kabla hajatoka, nimeharibu."

Na kweli, mteja alikuwa ameshavuta kofia hadi masikioni. Wakacheka wote wawili. Shangazi anasema alicheka sana siku ile, na hakujua kwamba ameshafundishwa.

Sehemu ngumu ya mguu wa bandia wala siyo mguu. Ni kikombe, pale kigutu kinapoingia. Kikilegea, mtu anapwaya kama mtoto kwenye viatu vya mama. Kikikaza mahali pasipofaa, mfupa unasaga ngozi kutoka ndani. Wiki baada ya wiki shangazi alikipasha moto, alikikunja, alikisugua kwa tupa, akamvalisha kinyozi, akamuuliza, "Unauma?"

"Hauumi, daktari."

"Kweli?"

"Ungekuwa unauma ningekuwa nacheka hivi?"

Sasa hapo ndipo ninapomlaumu kila mtu na simlaumu mtu. Sisi tumelelewa hivyo. Ukimkuta jirani kalala hoi, ukamuuliza hujambo, atajibu sijambo, habari nzuri, karibu uketi, na ukishaketi ndipo anakwambia hajala tangu juzi. Uzuri kwanza, ukweli baadaye. Na asiyeketi huo wa baadaye haupati. Shangazi alikuwa hana muda wa kuketi. Mtihani ulikuwa unakuja mbio, kila "hauumi" aliipokea kama mtu aliyetupiwa kamba mtoni, akaishika, akaenda kulala.

Asubuhi ya mtihani alikagua kigutu. Alama nyekundu kidogo mbele ya mfupa, ikafifia alipoisubiri. Hiyo inaruhusiwa. Akamwachia kinyozi avae mwenyewe, yeye akaenda kunawa plasta mikononi, ingawa mikono ilikuwa safi.

Watahini walikuwa Bi Rula na mzee mmoja mgeni mwenye kikohozi. Kinyozi akaanza katikati ya vyuma vya kushikia, kisha sakafu tupu, kisha mteremko wa mbao, kisha ngazi, kupanda na kushuka. Alitembea kama bwana harusi. Mabega sawa, hatua sawa. Mzee mgeni akatikisa kichwa kwa kuridhika, na wanafunzi waliokuwa wanachungulia mlangoni wakaanza kumkonyeza shangazi.

Yeye hakuwaona. Alikuwa amesikia kitu, au tuseme amekosa kusikia. Mtu huyu alikuwa ameongea akifungwa plasta. Aliongea siku aliyofundishwa kuanguka na kuinuka, akaongea akiwa bado yuko chini. Leo amezunguka ukumbi mzima, amepanda na kushuka ngazi, na hajasema hata neno moja.

Bi Rula akamuuliza anajisikiaje.

"Safi kabisa, mama."

Na huku anasema hivyo, akashika mgongo wa kiti kilichokuwa karibu, kwa mikono miwili, kama anasimama nyuma ya mteja. Uzito wote akauhamishia kwenye mguu wake wa kuzaliwa. Polepole, kwa adabu, asionekane.

Kofia, shangazi akawaza. Amevaa kofia.

"Ngozi umeikagua?" Bi Rula akamgeukia.

"Nimeikagua asubuhi." Na ilikuwa kweli tupu. Hakuna ambaye angemlaumu. Bi Rula akafungua kalamu.

Nilimuuliza shangazi hapo alifikiria nini, nikitegemea aseme aliuona mguu wa babu kabatini. Akasema ndiyo, aliuona, lakini kwanza aliona aibu ya kurudi bila kitu, akaona na baba yangu anavyotangaza mtaani kuwa mdogo wake kaenda ng'ambo. Alisema kunyamaza kulikuwa kutamu, kulikuwa kumeshafika kooni.

"Kaka," akasema, "vua."

Kinyozi hakuacha kutabasamu. Alisema kwa meno yaliyofungwa, "Daktari, tumeshapita. Usimwamshe aliyelala."

"Vua."

Akamtazama Bi Rula kutafuta msaada. Bi Rula alikuwa ameinua kalamu kutoka kwenye karatasi. Kinyozi akaketi. Akavua mguu, akabaki ameshika soksi ya kigutu kama mtu aliyeshika pazia la chumba kichafu. Shangazi akapiga magoti akaivuta mwenyewe.

Ndani mlikuwa na pamba. Pamba ile ile ya kinyozi, ya kupakia watu spiriti shingoni, ameikunja kwa ustadi na kuibandika mbele ya mfupa wakati shangazi ameenda kunawa. Ilipaswa kuwa nyeupe. Chini yake ngozi ilikuwa imefunguka.

Mzee mgeni alikohoa. Bi Rula akaja akainama, akatazama kwa muda mrefu, kisha akasema bila ukali, "Mguu unaojeruhi ni mguu uliofeli. Ungenyamaza ungefaulu. Kanuni sikuitunga mimi." Akaandika alichoandika.

Lakini kilichomuumiza shangazi zaidi hakikuwa hicho. Kinyozi aliinuka kwa magongo yake, akamwita kwa mara ya kwanza jina jingine. "Mwanafunzi," akasema, "umenikata mara ya pili." Akatoka.

Shangazi alibaki hadi karakana ikatulia, analia juu ya benchi la tupa. Bi Rula alipita anafunga madirisha. Alipofika kwenye benchi akaweka ufunguo wa karakana mbele yake, akaenda zake.

Siku zilizobaki kabla ya kurudi zilikuwa chache. Shangazi aliingia karakana kila kulipokucha, akapasha kikombe, akakitanua mbele ya mfupa, na hakuwa na mtu wa kumvalisha. Kinyozi hakuja. Kesho yake hakuja. Halafu mchana mmoja shangazi akasikia magongo mlangoni.

Kinyozi hakuomba radhi, wala shangazi hakuomba. Alikaa akanyoosha kigutu chenye bandeji, akatazama dari. Baadaye ndipo akasema, "Ulikuwa unaniuliza kama mtu anayeomba maji ya kunywa. Unauma? Unauma? Na macho yako yanasema, naomba usiume. Sasa mimi ningekunyimaje?"

Kidonda kilipokauka alivaa mguu ule, kikombe kikiwa kimetanuliwa. Siku ya mwisho ya shangazi alizunguka ukumbi bila gongo, akisimulia kisa cha mteja aliyesinzia akaamka hana nyusi, akakimaliza kisa kwenye ngazi ya juu. Hapakuwa na mtahini. Kiti chake alikipata, alituma salamu baadaye. Mwenye banda alilainika, hasa kwa kuwa yule mwenzake alikuwa ameshamkata mtu sikio.

Huku nyumbani tulikuwa tumepanga viti vya kumpongeza. Shangazi akatueleza sebuleni, amesimama, bila kupamba. Baba alishika kichwa. "Sasa ulikuwa unatafuta nini kwenye soksi ya mtu?" akauliza, na hakuna aliyecheka. Bibi akasema mficha uchi hazai, ila hakufafanua anamsema nani.

Babu ndiye aliyetushangaza. Alimtaka arudie pale pa pamba. Shangazi akarudia. Babu akasema, "Mimi niliweka kitambaa." Bibi akageuka. "Kile chako cha maua," babu akamwambia, "kilichopotea." Kisha akainuka kwa magongo yake akaenda kulala, na jua lilikuwa bado kali.

Shangazi alisubiri hadi chuo chake kilipopata karakana yake, akafanya mtihani upya nyuma ya wenzake wote, akapita. Mwaka huu, mimi nikiwa sekondari, babu akamwambia haya, njoo.

Nilikuwepo chumbani. Babu kaketi ukingoni mwa kitanda, kabati wazi, mguu wa zamani umelala chini na kiatu chake. Shangazi amepiga magoti anamvalisha mpya. Babu akasimama, akapiga hatua moja, akaweka mkono kwenye mlango wa kabati. Hakuuegemea sana.

"Umenikaa kama nimezaliwa nao," akasema.

Nikamkumbusha shangazi swali la siku ile ya sanduku na zipu. Nikamwambia, hukunijibu: utajuaje kama unamuuma, na mguu si wako?

Shangazi hakunitazama. Alikuwa anautazama ule mkono kwenye mlango wa kabati.

"Simuulizi kama unamuuma," akasema. "Namuuliza unamuuma wapi."