Tuni ya Gesche na Mdomo Wangu

Kinanda cha kanisa hakipigwi kwa siri. Mpigaji anakaa mbele, anasifiwa, anapelekewa divai. Nyuma ya ukuta kuna mtu anayekanyaga mivukuto ili mabomba yapate upepo, na huyo faida yake ni maumivu ya magoti. Hapa Brakenstede mtu huyo ni mimi, Bartel Timm, mwaka wa thelathini na moja sasa. Mpigaji akivuta kifundo kilicho ubavuni mwa kinanda, kengele ndogo inalia kwangu, nami napanda juu ya mbao na kuanza kukanyaga. Bila miguu yangu hata Mwalimu Harmen, ambaye watu walitoka Hamburg kuja kumsikiliza, angekuwa anagonga vijiti tu.

Ninayetaka kumsema ni binti yake, Gesche. Alipokuwa mdogo alikuwa akiniletea mkate na samaki wa chumvi huko nyuma ya ukuta, anakaa juu ya mvukuto wa tatu na kunicheka ninavyohema. Alikuwa anacheka kwa pua. Mama yake alipofariki, na macho ya baba yakaanza kuingia ukungu, yeye ndiye akawa macho ya mzee: mzee anaimba, Gesche anaandika noti. Hivyo akafika miaka ishirini na tisa bila mume.

Kwetu anayerithi kinanda anamrithi na binti wa mzee, amwoe, ili mzee asitupwe nje uzeeni. Ukikataa binti, kinanda hupati. Mwalimu alipokuwa kipofu kabisa, baraza la mji likaandika barua kutafuta mrithi, na Gesche akaja kunionyesha nakala.

"Mzee Bartel, hebu nitafute nimeandikwa wapi."

"Nyumba, bustani, kuni... hee, uko chini ya kuni."

"Basi nikae na moto angalau," akasema, akacheka kwa pua.

Alicheka kwa sababu alikuwa na tumaini. Tumaini lenyewe lilikuwa Joost, msaidizi wa baba yake, kijana wa watu, mrefu, mwenye vidole vya ajabu na aibu ya msichana. Walipendana miaka minne na mji mzima ulijua, isipokuwa baba mtu. Tatizo ni kwamba Joost akipewa muda anapiga kama malaika, lakini akishtukizwa mikono inamtetemeka. Na mtihani wa kinanda ni wa kushtukizwa. Mwombaji anafunguliwa karatasi yenye tuni fupi asiyowahi kuiona, na hapo hapo anaijengea fuga kutoka kichwani. Fuga, usicheke, si ya kuku. Sauti moja inatangulia peke yake na neno lake. Ya pili inaingia na neno lile lile, inaikimbiza. Inakuja ya tatu, inakuja ya nne, mpaka kanisa zima linafukuzana na hakuna anayemkanyaga mwenzake.

Tuni ya mtihani aliitunga Mwalimu Harmen. Nani aliiandika? Gesche. Akaifunga kwa lakiri mbele ya baba yake kipofu, na jioni ile ile akamwimbia Joost.

Wakaja kwangu wote wawili, maana bila upepo wangefanyia wapi mazoezi?

"Mdomo wako naujua, mzee Bartel," Gesche akaniambia. "Safari hii ufunge."

"Nimeufunga, na ufunguo nimeumeza."

"Usinitanie. Joost akishindwa, ananioa mtu nisiyemjua. Haya ni maisha yangu."

"Mwanangu, nikisema nife," nikamjibu, na nilimaanisha. Wiki nzima nikakanyaga, kila mchana, wakati Mwalimu amelala.

Mtihani ukawa Jumanne kabla ya Pentekoste. Walikuwa wawili tu. Alitangulia Kasten Wiebe, mgane wa miaka arobaini na minane kutoka mji jirani. Fuga yake ilikuwa sawasawa, kavu, haina kosa. Halafu Joost akavuta kifundo, kengele ikalia kwangu, na nawaambieni, sijawahi kukanyaga vile. Sauti ziliingia moja moja, zikapishana, mwishoni zikaanza kudakiana neno kabla mwenzake hajamaliza. Nilimwona meya kwenye upenyo wa mlango amevua wigi anajifuta macho. Nikajisemea, tayari, Gesche kaolewa.

Mwalimu Harmen akaja mpaka mlangoni kwangu, mkono begani kwa binti yake, wazee wa baraza nyuma yao. Uso wake ulikuwa umejaa furaha.

"Bartel, ilikuwa ndefu hiyo. Umechoka?"

"Nichoke wapi, bwana mwalimu? Hii miguu yangu imeshaizoea. Jana tu tumeirudia mara tatu."

Niliuona uso wa Gesche kabla sijayasikia maneno yangu mwenyewe.

"Mmeirudia nini, Bartel?"

Ningeweza kusema wimbo wa Pentekoste. Ningeweza kusema chochote. Mzee akatoa mkono wake begani kwa binti yake, taratibu, akasimama bila kushika kitu. Tuni ile iliandikwa na mkono mmoja tu na yeye alijua ni wa nani.

Akaimba tuni nyingine, papo hapo, sauti inamkwaruza. "Joost, piga hiyo."

Joost akaketi. Sauti ya kwanza ikatoka. Ya pili ikaingia, ikajikwaa. Ya tatu haikuja. Akafunika kinanda, akasema, "Kosa ni langu peke yangu, bwana mwalimu," akashuka ngazi. Mimi nilikuwa bado nakanyaga.

Jumamosi alipanda mashua ya mizigo kushuka mtoni, na Gesche hakuruhusiwa kumuaga. Hatujapata barua yake mpaka leo.

Vuli ile Gesche aliolewa na Kasten Wiebe. Bwana harusi alijipigia kinanda mwenyewe na mimi nilikanyaga. Si mtu mbaya, Kasten. Ningependa awe mbaya, nipate wa kumlaumu. Mzee aliishi nao misimu miwili ya baridi, na yeye na binti yake waliongea habari za kuni na supu mpaka alipofariki. Kile kicheko cha pua sikukisikia tena.

Ila kila mwaka, Jumanne kabla ya Pentekoste, Kasten akiwa shuleni anafundisha, kengele yangu inalia. Napanda mbao. Gesche anapiga ile tuni, sauti ya kwanza peke yake. Pale sauti ya pili inapotakiwa kuingia, anainua mikono na kungoja. Mimi naendelea kukanyaga ili upepo usipungue. Halafu anafunika kinanda na kwenda nyumbani kupika. Mwaka mmoja nilitaka kumwomba radhi. "Gesche, mwanangu, mimi ile siku..." Akanikatiza: "Usiseme kitu, mzee Bartel."

Mwaka huu alizunguka mpaka mlangoni kwangu. Nywele zimeanza kuwa nyeupe kwenye panja. Alinikuta nimeshika goti, nahema.

"Umechoka?" akaniuliza.

Nikatikisa kichwa tu, mdomo nimeufunga.